Mwanafunzi wa Muhula Mmoja Ng'ambo: Ni Nani Aliyemtuma?

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ni msemo wenye hekima kwa mtu anayesafiri kwa nauli yake na kwa haja zake mwenyewe. Lakini kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima tangu darasa la kwanza, msemo huo ni aibu; na ubaya ni kwamba ndio umekuwa sera isiyoandikwa ya kumpeleka mwanafunzi wa Tanzania ng'ambo kwa muhula mmoja. Tangazo hubandikwa, wachache huwahi, barua ya mwaliko hufika, viza hugongwa, na kijana huondoka. Baada ya miezi minne au mitano hurudi. Akiulizwa ameleta nini, hujibu kwamba amefumbuka macho.

Kufumbuka macho si jambo dogo, wala hakuna mwenye akili timamu atakayeona fahari kuwafungia vijana ndani ya mipaka ya nchi yao. Lakini macho yaliyofumbuka lazima yatazame kitu. Swali ambalo vyuo, wizara na hata walimu waliomlea kijana huyo hawajaliuliza kwa sauti ya kutosha ni hili: ametumwa na nani, na ametumwa kuleta nini?

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Mwalimu Julius Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila chakula hicho na asirudi na kitu, mtu huyo ni msaliti. Mfano huo umerudiwa mara nyingi katika madarasa na mikutano, na kila mara mkazo hutiwa kwenye usaliti. Iko sehemu nyingine ambayo husahaulika. Katika mfano ule, kijiji ndicho kinachotuma. Kijiji kinajua kina njaa ya nini, na mjumbe haondoki kabla ya kuambiwa haja ya safari yake. Leo mambo yamegeuzwa: haja ya safari hupangwa na yule anayekwendewa.

Huu si uzushi. Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya vyuo vya Ulaya vyenyewe, ukapanuliwa baadaye hadi kuzifikia nchi za nje, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika utaratibu wake wa kubadilishana wanafunzi na nchi za mbali, chuo cha Ulaya ndicho kinachoandika maombi ya fedha, na masomo yatakayofunguliwa hupangwa kwa kufuata vipaumbele vya Ulaya. Sweden nayo ilianzisha mpango wa Linnaeus-Palme mwaka 2000 kwa fedha za misaada ya nchi hiyo. Finland ilianza mpango wake wa Kaskazini-Kusini-Kusini mwaka 2004; ulipofika mwaka 2015 mfuko ukafungwa na mpango ukaisha. Hakuna haja ya kuwalaumu Wafini. Fedha zilikuwa zao, na mwenye ngoma ndiye mwenye kuchagua mkesha. La kulaumiwa ni kwamba upande huu wa maji haukuwa na ngoma yake wala mkesha wake, ila ulisubiri mlio tu.

Na ichukuliwe Kilimarondo kuwa kipimo. Kata hiyo iko upande wa magharibi wa Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi, mbali na makao makuu ya wilaya. Wananchi wake, kama wenzao wa Nachingwea nzima, wa Ruangwa na wa Liwale, huishi kwa kilimo cha korosho, ufuta, mbaazi, mahindi na muhogo. Korosho zao huuzwa kwa minada, kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutokana na wilaya hizo tatu. Kisha sehemu kubwa ya korosho hizo hupakiwa ghafi, na maganda yake, na kupelekwa India na Vietnam zikabanguliwe huko.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kwa mkulima wa Kilimarondo, ng'ambo yenye maana si ile ya mnara wa saa na theluji iliyopigwa picha. Ng'ambo yake ni mji wa Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, ambako kwa miongo mingi maelfu ya wanawake wamekuwa wakibangua korosho zilizovunwa Afrika Mashariki. Ng'ambo yake ni viwanda vya Vietnam, nchi ambayo haikuwa na jina katika biashara hiyo miaka ya 1970, ilipokuwa vitani na kisha ikijijenga upya, lakini baadaye ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa korosho zilizobanguliwa, tena kwa mashine nyingi za kuundwa na mafundi wake wenyewe. Ng'ambo yake ni Goa, ambako bibo, tunda lile ambalo kusini mwa Tanzania huozea chini ya mti au kuishia kwenye chungu cha uraka, hutengenezwa kinywaji chenye chapa na sheria yake. Na ng'ambo yake ni jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi ulikotoka mkorosho wenyewe kabla Wareno hawajauleta Afrika Mashariki. Huko maji ya bibo huchujwa, hutiwa katika chupa na kunywewa na watoto.

Katika jimbo hilo la Ceará, mwaka 2010, serikali ya Brazil ilianzisha kwa sheria chuo kikuu kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zinazosema Kireno. Vijana wa Msumbiji, ambao mikorosho yao iko ng'ambo ya pili tu ya Mto Ruvuma, wanaweza kusoma humo. Mtanzania hana Kireno, na hilo ni kweli; lakini je, kuna chuo cha Tanzania kilichokwisha kuamua kwamba vijana watano wa kilimo wajifunze Kireno kwa mwaka mmoja ili waende Ceará kwa muhula mmoja? Lugha za watu hufundishwa nchini kila siku kwa sababu wenye lugha hizo wamelipa gharama. Kwa sababu ya mkorosho, hapana.

Wala haitoshi kudai kwamba ubanguaji ni kazi ya wenye mitaji na si ya wanafunzi. Nchi hii iliwahi kuwa na mitaji ya viwanda hivyo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo na mitambo ya kutoka nje, kimoja kikiwa hapo hapo Nachingwea. Mazao ya korosho, yaliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka hadi tani zipatazo 17,000 tu katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishwa kwenda vijijini wakaiacha mikorosho yao nyuma, bei kwa mkulima ilikuwa duni, ugonjwa wa ubwiriunga uliingia. Viwanda vikakosa malighafi, mitambo ikakosa vipuri na mafundi waliouelewa moyo wake, na baadhi ya majengo yakageuzwa maghala. Mitambo ilinunuliwa, ujuzi haukufuatwa. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipata dawa kwa sababu watafiti wa Naliendele, Mtwara, walikaa na mkorosho msimu baada ya msimu, wakisaidiana na wageni waliokuja kwa ajili ya swali hilo moja. Huo ndio ubadilishanaji wa elimu unaostahili jina lake.

Nachingwea inajua vilevile hasara ya safari fupi isiyo na unyenyekevu. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilileta ujumbe wa wataalamu watatu kuchunguza kama Tanganyika ingefaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Uchunguzi wao ulichukua wiki tisa, na sehemu yake nzuri ilifanywa kwa kutazama ardhi kutoka angani. Wiki tisa ni pungufu ya muhula mmoja wa chuo. Kutokana na wiki hizo ulizaliwa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa hadi Nachingwea, na mamilioni ya pauni yakateketea kabla mradi haujatangazwa kufa mwaka 1951. Reli yenyewe iliondolewa baada ya uhuru. Wazee wa Kiyao, Kimwera na Kimakua waliojua udongo ule na mvua zake hawakuwa na kiti katika mkutano wowote wa maana. Anayetaka kujua ni kwa nini mgeni asiyeuliza ni hatari, na asome historia ya wilaya hii kabla ya kwenda mbali.

Na haya yanawahusu wageni wa leo pia, kwa maana kubadilishana kuna pande mbili. Wanafunzi wa Marekani na Ulaya huja Tanzania kwa muhula mmoja. Wengi hufikia Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Hujifunza Kiswahili, hutazama wanyama, hupima matumbawe ya baharini. Taasisi ya Kimarekani iitwayo School for International Training, ambayo huleta vijana Zanzibar na Arusha, humtaka kila mmoja afanye utafiti mdogo na kuuandika kabla ya kuondoka; na maandishi hayo huhifadhiwa na taasisi hiyo, kwa Kiingereza, ili wanaofuata wayasome. Hiyo ni akili njema, na haistahili kuonewa wivu bali kuigwa. Kijana wa Iowa au Oregon huondoka kwao na swali, hurudi na jibu, na jibu hilo huwa mali ya chuo chake. Kijana wa Tanzania hurudi na cheti cha alama alizopata, na cheti hicho ni mali yake peke yake.

Ipo hata hivyo historia nyingine, ya heshima, ambayo Nachingwea ilikuwa ndani yake. Kuanzia miaka ya 1960 ardhi iliyokuwa ya mradi wa karanga iligeuzwa kituo kikuu cha FRELIMO cha mafunzo ya siasa na ya kijeshi, ambako Samora Machel aliwaandaa wapiganaji. Wakati huo huo chama hicho kilikuwa na shule Dar es Salaam, Taasisi ya Msumbiji, na kilikuwa na wanafunzi waliotawanyika Ulaya na Marekani. Kiongozi wake, Dakta Eduardo Mondlane, alikuwa mwenyewe ameacha kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse na kuja Dar es Salaam mwaka 1963. Ilipofika mwaka 1967 chama kikawaambia wanafunzi wake kwamba masomo ni kazi waliyopewa na watu wanaopigana, na kwamba wawe tayari kuyakatiza na kurudi watakapohitajiwa. Wengine walikataa. Machi 1968 ghasia zilizuka katika Taasisi hadi ikafungwa, na baadhi ya wanafunzi waliokuwa Marekani wakatoa tamko la kupinga amri hiyo.

Si haki kudai kwamba waliokataa wote walikuwa waoga. Hoja yao, kwamba nchi huru itahitaji madaktari na wahandisi, haikuwa hoja ya mpumbavu, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 uhaba wa wataalamu uliitesa kweli. Lakini pande zote mbili za ugomvi ule zilikubaliana katika jambo ambalo leo limepotea: kwamba mwanafunzi aliye ng'ambo ana aliyemtuma, na kwamba aliyemtuma ana haki ya kuuliza. Waligombana juu ya jibu. Swali lilikuwa wazi kwa wote. Mwaka huo huo wa 1968 Yoweri Museveni, aliyetoka Uganda kuja kusoma Dar es Salaam wakati Mlimani ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliongoza wanafunzi wenzake kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji, kisha akayaandikia tasnifu yake. Yaliyofuata katika maisha ya kisiasa ya mtu huyo ni habari nyingine. Katika safari ile, mwanafunzi wa kigeni alikwenda mahali penye swali.

Watakuwapo watakaosema kwamba mpewa hachagui. Kwamba nchi isiyo na fedha za kuwapeleka vijana wake haina budi kupokea nafasi inayotolewa, iwe ya somo lolote na mahali popote. Maneno haya husemwa kwa utulivu mkubwa na watu wazima wenye shahada. Katika miaka ya 1970 Tanzania haikuwa tajiri kuliko ilivyo leo. Hata hivyo, ilipojengwa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa kwenye chuo cha reli mjini Beijing mwaka 1972, kwa kuwa reli ingekamilika na ingehitaji watu wa kuiendesha. Kwanza lilikuwapo hitaji, ndipo akatafutwa mwanafunzi. Aliyekuwa akitoa fedha ni Mchina, lakini somo lilitajwa na wenye shida.

Watakuwapo pia watakaosema kwamba muhula mmoja ni mfupi mno kuweza kuleta cho chote. Ndiyo, ni mfupi kwa mtu asiyejua anachotafuta. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine aliyekwisha kukaa msimu mmoja Kilimarondo, akaona mikono ya wanawake ilivyounguzwa na mafuta ya ganda la korosho, wiki 16 katika Kollam zinatosha kujua wenzao huikinga mikono hiyo kwa nini, kwa gharama gani, na ni chama gani cha wafanyakazi kilichopigania kinga hiyo. Muhula mfupi unataka swali fupi.

Kuna jambo lingine, na hili ni chungu. Pasipoti ya Tanzania, tangu ile ya kielektroniki ilipozinduliwa mwaka 2018, iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Mwaka huo huo Serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyoonekana nzuri. Kwa hesabu hiyo, kitabu kile kidogo peke yake ni kilo 45 za korosho na ushei. Bado picha, bado nauli ya kutoka Kilimarondo hadi Nachingwea mjini, kisha Masasi au Lindi, kisha Dar es Salaam ziliko balozi. Bado siku za kulala Dar es Salaam kungoja viza. Bado taarifa ya benki ya kuthibitisha kwamba mwombaji si mkimbizi wa njaa. Hata pale ambapo mwenyeji hulipa nauli ya ndege na posho, mlango wa kuingilia umewekwa mahali ambapo mtoto wa mkulima huufikia akiwa amechelewa. Tangazo lenye siku kumi na nne za kuwasilisha pasipoti ni tangazo lililokwisha kumchagua mshindi: yule ambaye pasipoti yake imo kabatini tangu alipopelekwa kumtembelea mjomba London.

Hivyo yule aliyeziona shida za Kilimarondo kwa macho yake hubaki, na yule asiyepata kufika kusini zaidi ya Kibiti huenda kuiwakilisha Tanzania. Huko huombwa aeleze maisha ya kijijini kwao, na hueleza!

Vyuo vinaweza kurekebisha hili bila kungoja kibali cha Ulaya. Ada ya pasipoti na gharama za viza zilipwe na chuo kwanza na zihesabiwe baadaye. Mwombaji awe amekwisha kufanya mafunzo yake ya vitendo wilayani, nje ya jiji, na aandike ni swali gani la wilaya hiyo analokwenda nalo. Akirudi, aandike ripoti kwa Kiswahili, lugha ya wale waliomsomesha, na nakala iende kwenye halmashauri na kwenye chama cha msingi kilichouliza. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Miaka kumi na moja baadaye, akiwa Rais mwenye kazi tele, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari ilichapishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi asiye na nchi ya kuongoza hawezi kudai kwamba amekosa wakati wa kuandika kurasa kumi.

Lakini lawama zote zisitupwe Mlimani na Morogoro. Chuo hakiwezi kutumwa na wilaya isiyosema. Ofisi ya kilimo ya wilaya ina matatizo iliyoyaandika katika taarifa za kila robo mwaka, na taarifa hizo hupanda juu na kukaa huko. Mwalimu wa sekondari aliyeko Kilimarondo anawajua wanafunzi wake waliofika vyuo vikuu, kwa majina na kwa namba za simu. Anajua ni yupi aliyezaliwa chini ya mkorosho. Ni maofisa wangapi wa halmashauri waliokwisha kukiandikia chuo kikuu barua ya ukurasa mmoja yenye maswali matatu, wakiomba kwamba kijana mmoja, akipata nafasi ya muhula nje ya nchi, aende mahali yanakojibiwa? Barua hiyo haihitaji bajeti wala semina elekezi wala posho ya kikao. Inahitaji afisa kilimo, mwenyekiti wa chama cha msingi na mwalimu mmoja kuketi mezani kwa saa mbili.

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza Oktoba au Novemba. Huo ndio wakati ambapo minada ya korosho huwa imefunguliwa na malori huteremka na magunia kutoka Nachingwea na Ruangwa kuelekea bandari ya Mtwara. Magunia hayo hayana viza, nayo hufika Kollam kila mwaka. Barua ya maswali matatu ingeweza kuondoka Nachingwea katika wiki hiyo hiyo.